Difuloki ya upepo ifungwe kwa vipimo, si kwa kukisia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye magari ya kazi katika Nyanda za Juu Kusini, hasa sisi tunaopandisha mbolea na kuteremsha viazi, pareto na mbao katika barabara za udongo tangu mvua za Novemba hadi Mei, kuhusu kifaa ambacho siku hizi kila nikisimama gereji husikia mtu akikiulizia, yaani difuloki ya upepo, ambayo hulifunga difu la gari kwa nguvu ya upepo ili tairi la kulia na la kushoto yazunguke pamoja. Ninacho kwenye gari langu, ninakisifu, na sitaki kurudi nilikotoka. Lakini njia niliyopita hadi kikafanya kazi ilikuwa ya hasara ambayo mwenzangu hana haja ya kuirudia.

Ninaishi Uyole, na shamba langu la viazi liko upande wa Kikondo, juu ya Isyonje, kwenye ile barabara inayoendelea hadi Kitulo na Makete. Kwa miaka mingi niliamini kama wanavyoamini madereva wengi kwamba ukishaingiza gia ya fowili, basi matairi yote manne yanavuta. Imani hiyo ilinitoka mwezi Machi mmoja, Land Cruiser yangu, mkonga wa miaka ya tisini wenye bodi ya pikapu, ilipokuwa imebeba magunia 12 ya viazi (sisemi kama yalikuwa ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, kwa kuwa naandika gazetini) na tairi la nyuma la kushoto likaserereka hadi mferejini. Nilishuka, nikamwachia kijana wangu usukani akanyage mafuta taratibu, nami nikachuchumaa kutazama chini. Tairi lile la mferejini lilizunguka likirusha tope hadi kwenye migomba, ilhali mwenzake wa kulia, aliyekuwa amekanyaga ardhi ngumu kabisa yenye changarawe, alitulia kama aliyevutiwa hendibreki. Mbele ilikuwa vivyo hivyo, ila kwa kupishana: la kulia likizunguka, la kushoto limesimama. Matairi mawili yalikuwa yakichimba na mawili yakitazama, na sisi tukalala pale hadi asubuhi.

Sababu yake si uchovu wa gari. Difu, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la kulia na la kushoto, limetengenezwa ili gari likate kona, kwa kuwa kwenye kona tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani na ni lazima yaruhusiwe kupishana mwendo. Ruhusa hiyo ndiyo inayotugeuka kwenye tope. Difu la kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kulia na kushoto, kwa hiyo tairi lililo kwenye utelezi, ambalo linahitaji nguvu ndogo tu ili lizunguke bure, ndilo linaloamua lile la kwenye ardhi ngumu lipate kiasi gani, nalo hupata kidogo hichohicho kisichoweza kulisogeza gari. Kukanyaga mafuta zaidi hakuongezi kitu, isipokuwa shimo. Difuloki hufunga mlango huo: ukiiwasha, shafti ya kulia na ya kushoto zinakuwa kama chuma kimoja, na tairi lililoshika ardhi linapata nguvu yote linayoweza kuibeba, hata kama mwenzake ananing'inia hewani.

Zipo za namna nyingi. Magari mengine ya Toyota, zikiwemo baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, hutoka kiwandani na difuloki inayosukumwa na mota ya umeme, na mwenye nayo hana haja ya barua hii. Magari mapya zaidi yana mfumo wa kompyuta unaolishika kwa breki tairi linalozunguka bure, ambao unasaidia ingawa kwenye mlima mrefu wa tope breki huchemka. Ipo pia dawa ya kienyeji ya kuchomelea gia ndogo za ndani ya difu kwa welding ili zisizunguke tena kamwe, na hii naomba niiseme waziwazi: kwa gari linalotembea pia kwenye lami, huko ni kujitafutia msiba. Difu lililochomelewa halifunguki, kila kona ya lami matairi yanaburuzwa, shafti zinajipinda, usukani unagoma, na siku ya mvua kwenye mteremko wa lami gari linaweza kukuponyoka. Niliwahi kushawishiwa kufanya hivyo kwa bei ya kilo chache za nyama, na nashukuru nilikataa.

Ya upepo ndiyo niliyoichagua, na sababu ni kwamba inapozimwa difu linarudi kuwa la kawaida kabisa. Iliyojulikana zaidi duniani ni ya kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo mwaka 1987 ilinunua haki za muundo wa difuloki uliokuwapo kwao na kuuendeleza. Namna inavyofanya kazi inaeleweka hata na mtoto wa fundi: kompresa ndogo ya umeme inajaza upepo hadi PSI 100 hivi, karibu mara tatu ya upepo wa tairi la kawaida, ukibonyeza swichi, solenoidi, yaani vali ya umeme, inafungua, upepo unapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye ekseli, unaingia ndani ya difu kupitia bomba la shaba, na kusukuma pistoni ambayo inakutanisha gia na gia. Ukizima, upepo unatoka kwa sauti ya "psss" na springi zinairudisha pistoni mahali pake. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kulisema neno lenyewe.

Sasa nije kwenye ununuzi, maana hapo ndipo nilipoumia kwanza. Kifaa hiki si cha bei ndogo: difuloki ya ekseli moja pekee, kabla ya kompresa, usafiri na ushuru, huvuka dola 1,000 za Marekani, na kwa hesabu ya kwetu hiyo ni kama ng'ombe wawili wazuri wa maziwa. Mimi nililipia ya kwanza kwa simu, kwenye duka moja la Dar es Salaam, baada ya kuulizwa swali moja tu, "Gari gani, mzee?", nami nikajibu "Land Cruiser." Swali lile halikutosha, na jibu langu pia halikutosha. Boksi lilipofika Uyole na fundi akatoa shafti ya nyuma kujaribu, shafti yangu ilikuwa na meno 30 na tundu la difuloki lilikuwa la meno 32. Hakuna nyundo wala msasa wa kulimaliza jambo hilo. Muuzaji alisema boksi limeshafunguliwa na bidhaa ikishafunguliwa hairudi, nami nikakaa misimu miwili ya viazi kabla ya kupata fedha ya nyingine.

Kwa hiyo anayetaka kununua, kabla ya kutuma hata shilingi, atoe shafti ya gari lake mwenyewe na kuhesabu meno kwa kidole, akiweka alama ya chaki pale alipoanzia, kwa sababu gari la zamani huenda limeshabadilishwa ekseli mara mbili bila yeye kujua. Aandike namba ya chasi na ile ya ekseli kwenye kibati, ajue hesabu ya meno ya krauni na pinioni (gia kubwa ya difu na ile ndogo inayoizungusha), kwa kuwa kwa baadhi ya magari difuloki hutofautiana kulingana na hesabu hiyo, na amwombe muuzaji picha ya namba iliyoko kwenye kifaa, ambayo kwa difuloki za ARB huanza na herufi RD, ailinganishe na orodha ya magari ya watengenezaji wenyewe. Asisahau umeme. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizoletwa zikiwa zimetumika Japani ni za volti 24, na kompresa ya volti 12 ikiunganishwa huko haimalizi wiki. Muuzaji anayeona uvivu kuyajibu maswali haya aachwe na mzigo wake.

Juu ya ufungaji nitakawia kidogo, kwa sababu mafundi wetu ni hodari, lakini kazi hii haipatani na "kwa makisio". Fundi wa kwanza niliyempa kazi ya kuifunga ile difuloki ya pili, ambaye gereji yake sitaitaja, alifungua difu siku ya Jumamosi saa nne asubuhi na saa kumi jioni gari lilikuwa barabarani. Nilifurahia kasi ile, kumbe ndiyo iliyonitia hasara. Alipohamishia krauni kwenye difuloki alishika pinioni kwa mkono mmoja, akatikisa krauni kwa mkono wa pili, akasikiliza kidogo na kusema, "Hapa pako vizuri, mzee." Baada ya kilomita 400 hivi difu lilianza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, likilia zaidi nikiachia mafuta kuliko nikikanyaga. Wiki mbili baadaye solenoidi, ambayo alikuwa ameifunga jirani na betri, ikaanza kutema oili ya difu kila nilipozima, na kompresa ikawa inawaka yenyewe kila baada ya sekunde chache hata nikiwa nimesimama.

Nililitoa difu lenyewe, nikalifunga kwenye gunia la viazi na kulipakia kwenye buti la basi hadi Iringa, kwa fundi mmoja wa Ipogolo niliyeelekezwa na dereva wa malori ya mbao. Huyo hakuanza na spana. Alianza kwa kuosha kila kitu kwa dizeli, akakausha kwa upepo, akaketi na kipimo chake chenye uso kama wa saa, kimesimama kwenye sumaku. Alikigusisha kwenye jino la krauni na kuniita nitazame mshale ukicheza. Nafasi kati ya jino la krauni na la pinioni kwenye ekseli kama yangu inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.15 na 0.20, unene wa nywele mbili au tatu tu, na yangu ilikuwa imepita mara mbili ya kiasi hicho. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kupima nywele tatu. Akapaka meno machache rangi, akazungusha, akanionyesha alama ilivyokaa ukingoni mwa jino badala ya katikati. Hapo ndipo nilipoelewa mlio ule ulitoka wapi.

Aligundua pia kwamba zile ringi za mpira zinazozuia upepo, ambazo hukaa ndani ya kikombe kidogo kando ya beringi, zilikuwa zimekatwa wakati wa kuingizwa kikavu bila kupakwa oili. Upepo ulipita hapo ukaingia kwenye nyumba ya difu, nayo oili ikapanda kwa njia hiyohiyo hadi kwenye solenoidi. Ndani ya oili tulikuta pia vinyweleo vya chuma vilivyobaki baada ya kutoboa nyumba ya difu kwa ajili ya mpira wa upepo, maana fundi wa kwanza alitoboa bila kufuta. Huyu wa pili aliniambia tundu hilo hutobolewa juu ya usawa wa oili, mbali na krauni, ncha ya drili ikipakwa grisi nzito ili vinyweleo vinase, kisha nyumba yote inaoshwa na kupitishwa sumaku kabla ya kurudishiwa kitu chochote. Beringi zote mbili alizibadilisha. Krauni aliichemsha kwenye sufuria ya maji, juu ya jiko la mkaa, hadi ikapanuka kidogo na kukaa mahali pake bila kugongwa, halafu akafunga boliti zake kwa dawa ya kushikilia nyuzi na kwa spana ya kupimia nguvu, moja baada ya nyingine kwa kukingamana. Mke wake alipita akauliza kama tunapika ugali wa chuma.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili nzima, na alinitoza zaidi ya mara mbili ya fundi wa kwanza. Niliporudi Mbeya tulipitisha upya mpira wa upepo mbali na egzosi, tukauachia ulegevu wa kutosha ili ekseli ikishuka kwenye shimo usikatike, tukaifunga kompresa juu, mahali ambapo maji ya mto hayafiki, tukaiunganisha moja kwa moja na betri kupitia fyuzi na rilei yake, kisha tukapaka kila kiungio maji ya sabuni na kusubiri mapovu. Hayakutokea. Tangu siku hiyo kompresa ikishajaza hunyamaza, nami nikiisikia inawaka yenyewe najua kuna kiungio cha kukaza.

Matumizi yake yana adabu yake, na hii wauzaji hawaisemi. Difuloki huwashwa kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au likitambaa, wala si wakati tairi limeshaanza kuzunguka kwa kasi, kwa maana hapo unagonganisha gia na gia. Ukishatoka unazima, hasa kabla ya kufika kwenye lami. Ya mbele, kwa mwenye nayo, ni ya kwenda mbele moja kwa moja tu. Ukikata usukani hadi mwisho huku imefungwa na unakanyaga mafuta, viungo vya shafti za mbele ndivyo vitakavyolipa. Mimi sina ya mbele na sioni haja yake kwa kazi zangu.

Lakini hatari ambayo ningependa kila dereva wa milimani aishike ni ya barabara iliyoinamia upande mmoja. Katika difu la kawaida, tairi moja likizunguka bure, lile lililotulia linasaidia kulishikilia gari lisiserereke kuelekea bondeni. Ukifunga difuloki na ukakanyaga sana, matairi yote mawili ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko kwa pamoja, na mkia wa gari unateremka kwa upande. Anayepanda Matamba kutoka Chimala kwa ile njia tunayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake anajua maana ya mkia wa gari kuelekea bondeni. Mahali kama pale mimi huizima, napunguza upepo wa matairi, nashusha mzigo ikibidi, na nikiona bado hapapandiki nasubiri jua.

Na kwa kuwa nimetaja matairi: mwenye matairi yaliyokwisha asianze na difuloki. Matairi mazuri ya tope, pamoja na kupunguza upepo kwa kiasi na kuujaza tena ukifika barabara ngumu, yatamtoa kwenye mikwamo mingi kwa gharama ndogo zaidi, na kompresa ya difuloki, ikiwa ni ile yenye mdomo wa kuunganishia mpira, itamsaidia kujaza. Cheni za matairi nazo zinafanya kazi, sikatai, tumezitumia tangu enzi za Land Rover 109. Ila kila anayefunga cheni na kila anayezungusha tairi bure kwenye kilima anaacha nyuma yake handaki ambalo maji ya usiku huo yatalifanya korongo, na greda la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, likija mara moja kwa mwaka linakuta barabara imeshageuka mto. Gari lenye difuloki hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya chini, bila kuchimba. Kijana wangu huwa ananiambia, "Baba, hata kelele hakuna," na kweli jirani zetu wa pale kwenye mfereji ule hawaji tena na majembe wakitusikia tunapita.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Vyuo vya ufundi, VETA wakiwemo hapa Mbeya, wangeweza kuandaa mafunzo mafupi ya siku chache kwa mafundi walioko kazini, juu ya jambo moja tu, kupanga krauni na pinioni kwa kipimo, kwa sababu hata asiyefunga difuloki kamwe atabadilisha beringi za difu siku moja. Kipimo chenyewe si ghali. Ni cha bei ndogo kuliko tairi moja. Nao wanaoingiza vifaa hivi nchini wangebandika juu ya boksi, kwa Kiswahili, idadi ya meno ya shafti na aina ya ekseli, mnunuzi ayasome kabla ya kukata ule utepe ambao ukishakatwa hakuna kurudisha.

Ile difuloki yangu ya kwanza, ya meno 32, bado iko stoo Uyole, imefungwa kwenye boksi lake na haijawahi kugusa oili. Iwapo yupo msomaji ambaye ameshahesabu meno ya shafti zake na akapata 32, tunaweza kuelewana bei. Na iwapo wewe Mhariri utaona sentensi hii ni tangazo, ifute, mengine yabaki.

Mkulima na dereva,
Uyole, Mbeya